Hesabu ya vipande: dola 260 ambazo hakuna mutu aliziiba

Ilikuwa siku ya mposho, saa kumi ya mangaribi, wakati walikuja kutuita. Timu moja ya wachimbaji, karibu na Kolwezi, walikuwa wamemufungia mwenzao katika nyumba. Kijana wa miaka makumi mbili na kitu. Yeye njo alikuwa anatunza feza za timu. Tulipofika, mudomo wake ulikuwa umevimba na shati imepasuka. Wenzake walisimama kwa mulango, kila mumoja na hasira yake.

"Amekula feza yetu. Dola 260. Aseme kwenye aliiweka."

Ule kijana alikuwa anasema neno moja tu: "Sikuiba. Sikuiba."

Tuliomba watuelezee tangu mwanzo. Wakatuelezea hivi. Mbele ya kuanza kuchimba, walipatana kwa mudomo, bila kartasi. PDG wa shimo, mwenye kutia feza, atakamata nusu ya mauzo. Mwenye pompi ya maji atakamata robo. Wachimbaji wanane watakamata kipande 1 juu ya 3, na watagawanya wao kwa wao. Kila mutu aliona neno hilo ni muzuri. Wakapeana mikono, wakashuka ku shimo.

Siku ya kuuzisha, depo ililipa dola 3 120. PDG akakamata nusu yake: 1 560. Mwenye pompi akakamata robo yake: 780. Ikabakia 780 kwa wachimbaji. Lakini wao walikuwa wamekwisha kufanya hesabu usiku: 3 120 gawanya kwa 3 ni 1 040. Walingojea 1 040, wakaona 780. Inakosekana 260. Na nani alikuwa na mufuko wa feza mukononi? Ule kijana.

Tuliomba kartasi na biki. Tukaandika mbele yao: 1 560 na 780 na 1 040. Tukajumlisha. Ikatoka 3 380.

"Depo ililipa ngapi?" tukauliza.

"3 120."

"Basi, zile 260 zilikuwa wapi siku ya kulipwa?"

Wakanyamaza. Zile dola 260 hazikuingia katika mufuko hata siku moja. Hakuna mutu aliziiba juu hazikuzaliwa. Walizipoteza siku ile walipeana mikono, na hawakujua.

Juu ya mambo haya tumeamua kuandika, sisi wa sendika, kwa wenzetu wa mine na kwa jamaa zao. Hatuko walimu. Wengi wetu tulifika sekondari, wengine hatukuimaliza. Lakini miaka ya kusoma makartasi ya mushahara na mikataba imetuonyesha kama mutu asiyejua vipande anaibiwa mara mbili: mara ya kwanza na wenye kujua, mara ya pili na hasira yake mwenyewe, wakati anamupiga mwenzake bure.

Kipande ni nini?

Kwa shule wanaita fraction, sisi tutasema fraksio, ao kipande. Kamata mufuko wa unga wa kilo 25. Mama anaugawanya kwa nyumba tano, sawasawa. Kila nyumba inapata kilo 5. Ile njo 1 juu ya 5, tunaandika 1/5.

Namba ya chini inasema: kitu kizima kimekatwa mara ngapi. Walimu wanaiita denominatere. Namba ya juu inasema: wewe umekamata vipande ngapi. Ile ni numeratere. Ukikamata unga wa nyumba mbili, uko na 2/5. Ukikamata wa nyumba zote tano, uko na 5/5, maana yake mufuko muzima, maana yake 1.

Kuko sheria mbili ambazo mutu asisahau.

Ya kwanza: vipande vinapashwa kuwa sawasawa. Ukikata mufuko mara tano lakini fungu moja ni kubwa na ingine ni kidogo, ile haiko 1/5, ni kukata tu. Wamama wa soko wanajua neno hili kupita sisi: meka iliyopigwa chini na nyundo iko na jina la meka, lakini haiko meka.

Ya pili: namba ya chini ikikuwa kubwa, kipande kinakuwa kidogo. Hapa tunapashwa kusema kosa letu wenyewe, hata kama ni haya. Miaka imepita, tulikuwa katika mazungumuzo na kampani moja juu ya prime ya watu wa chini ya udongo. Kampani ilisema itatoa 1/6 ya mushahara wa musingi. Sisi tukaona ni kidogo. Tukaenda kando, tukashauriana, tukarudia na sauti ya nguvu: "Hapana, tunataka 1/8!" Juu 8 inapita 6. Ule aliyekuwa anaongoza mukutano aliangalia wenzake, akakamata biki, akasaini haraka. Hatukuwahi kuona kampani inasaini mbio vile.

Tuhesabu pamoja. Mutu wa mushahara wa dola 480: 1/6 ni dola 80, 1/8 ni dola 60. Tulipigania wenzetu mpaka tukawapotezea dola 20 kila mwezi. Mwaka muzima ni dola 240 kwa kila mutu. Ni bibi ya mwenzetu mumoja njo alituonyesha, kwa meza, na mukate: aliukata mara sita, kisha akakata wa pili mara nane, akauliza: "Unataka kipande cha mukate gani?" Ilituchukua muda mpaka mazungumuzo ya kufuata kwa kurekebisha ile.

Aina za vipande

Vipande viko vya namna mbalimbali. Si kitu cha shule tu, kila namna iko na kazi yake kwetu.

Kipande cha kawaida ni kile namba ya juu ni ndogo kuliko ya chini. Kiko chini ya 1. Mutu anapashwa kutumika siku 26 kwa mwezi, lakini aligonjwa bila kartasi ya munganga, akatumika siku 20. Kipande chake ni 20/26. Tunaweza kugawanya juu na chini kwa 2, inakuwa 10/13. Kama mushahara ni dola 520, tunagawanya kwa 13, ni 40, kisha mara 10: dola 400. Kama karatasi inaonyesha 380, uulize.

Kipande cha kupita ni kile namba ya juu inapita ya chini. Kiko juu ya 1. Haiko kitu kibaya kila wakati. Kama siku ya kazi ni saa 9 na wewe umetumika saa 12, umefanya 12/9 ya siku, maana yake 4/3. Hapo kupita ni kweli, na unapashwa kulipwa kule kupita. Lakini kama mutu anagawanya kitu kimoja, na vipande vyote pamoja vinapita 1, kuko mutu atatoka mikono mitupu. Hapo kipande cha kupita ni kengele ya hatari.

Namba ya kuchanganyika ni namba nzima pamoja na kipande. Mifuko 7 na nusu: 7 1/2. Ile 4/3 tulisema hapa juu ni 1 1/3, siku moja nzima na 1/3 ya siku. Kwa kurudisha mifuko 7 1/2 katika vipande: 7 mara 2 ni 14, ongeza 1, ni 15. Basi 15/2. Ni kitu kilekile, nguo tu imebadilika.

Vipande vya kulingana ni vile viko na namba tofauti lakini uzito moja. 1/2, 2/4, 3/6, 6/12: vyote ni nusu. Ukizidisha juu na chini kwa namba moja, ao ukigawanya juu na chini kwa namba moja, kipande hakibadilike. Mutu asikudanganye na namba kubwa. Anayekupa 50/100 hakupe kitu kupita anayekupa 1/2.

Mwisho kuko vipande vya kumi na vya mia. Namba ya chini ni 10, 100, ao 1 000. Hivi njo vimejaa mu makartasi ya kazi, juu tunaviandika na virgili, ao tunasema "kwa mia". 25 kwa mia ni 25/100, maana yake 1/4. 0,5 ni 5/10, maana yake nusu. 5 kwa mia ni 5/100, maana yake 1/20. Yule anayeona "5 %" na asijue kama ni kipande kimoja juu ya 20, atasaini kitu asichokiona.

Kujumlisha: ukate sawasawa mbele

Sasa turudie kwa timu yetu. Nusu, robo, na 1 juu ya 3. Je, vinafika ngapi?

Watu wengi wanajumlisha juu na juu, chini na chini. 1/2 na 1/4, wanasema 2/6. Angalia hatari: 2/6 ni 1/3, kidogo kuliko nusu peke yake! Uko na nusu ya mufuko, wanakuongezea robo, na unatoka na kitu kidogo kuliko vile uliingia nacho. Haiwezekane.

Njia ya kweli ni hii: mbele ya kujumlisha, vipande vyote vikuwe na namba moja ya chini. Tunatafuta namba inayogawanyika kwa 2, kwa 4 na kwa 3. Ile ya kwanza ni 12. Basi tunakata feza yote mara 12.

Nusu inakuwa 6/12. Robo inakuwa 3/12. Moja juu ya tatu inakuwa 4/12. Sasa vipande viko sawasawa, tunaweza kuhesabu vya juu: 6 na 3 na 4 ni 13. Ni 13/12.

Walikata feza mara 12, wakaahidiana vipande 13. Kile cha 13 hakikukuwa. Na 1/12 ya dola 3 120 ni ngapi? Dola 260. Ile kabisa walikuwa wanamupigia ule kijana.

Tulipowaonyesha, mumoja wa wale wachimbaji, muzee wao, aliketi chini na akashika kichwa. Alikuwa wa kwanza kumupiga.

Ilibakia kupatanisha. PDG hakutaka. Alisema: "Nusu ni nusu." Tukamujibu: "Ndiyo, baba, nusu ni nusu. Lakini robo pia ni robo, na moja juu ya tatu pia ni moja juu ya tatu. Wote muliahidiana pamoja, wote mubebe kosa pamoja." Kama ni vipande 13 njo waliahidiana, basi feza ikatwe mara 13, si mara 12. Kipande kimoja kikawa 3 120 gawanya kwa 13, dola 240. PDG vipande 6: dola 1 440. Mwenye pompi vipande 3: dola 720. Wachimbaji vipande 4: dola 960. Jumlisha: 3 120. Inafika sawa, haina kupita, haina kukosekana.

PDG alirudisha dola 120, mwenye pompi dola 60. Haikukuwa mwepesi. Wachimbaji walisema hawatashuka siku ya kwanza kama haikurudishwa, na hapo njo alikubali. Kila muchimbaji alipata dola 120 pahali pa 97,50. Na wakakubali kila mumoja kutosha dola 5 kwa ule kijana, juu ya munganga na shati.

Kipande cha nini?

Watu wengi wanajua 10 kwa mia ni nini. Kinachowaangusha ni swali la kufuata: 10 kwa mia ya nini?

Angalia ku depo. Umefikisha kilo 1 000. Mununuzi anasema maji ni 10 kwa mia. Basi 1/10 ya kilo 1 000 ni kilo 100, inabakia 900. Kisha anasema atatosha tena 10 kwa mia juu ya muchanga na mawe. Anaandika: 10 na 10 ni 20, kilo 200, inabakia 800. Hapana. Ile 10 ya pili haiko ya kilo 1 000, ni ya zile 900 zilizobakia. 1/10 ya 900 ni 90. Inabakia 810. Kilo 10 zimetoka bure. Kwa tone moja unaona ni kidogo. Kwa kamio nzima, uhesabu wewe mwenyewe.

Kipande cha kipande ni kuzidisha: juu mara juu, chini mara chini. 1/10 ya 9/10 ni 9/100. Neno "ya" katikati ya vipande viwili, ni kuzidisha. Hapa haitake namba moja ya chini. Ni kwa kujumlisha na kutosha tu njo tunaitafuta.

Kintu kingine ni tenere, nguvu ya madini ndani ya mawe. Mashine inaonyesha 3,75. Mununuzi anasema: "Tatu." Anaacha virgili na vyote vinavyofuata, sawa vile ni vumbi. Mutu anafikiri: ni kitu kidogo, ni nyuma ya virgili. Lakini 0,75 ni robo tatu, 3/4. Tuhesabu na zile kilo 900, bila kutosha kitu kingine. Kwa 3,75 kwa mia, shaba ndani ni kilo 33,75. Kwa 3 kwa mia, ni kilo 27. Imepotea kilo 6,75. Gawanya 33,75 kwa 6,75: inaingia mara 5. Maana yake umepoteza 1/5 ya shaba yako yote, na mununuzi hakusema uongo mwingine isipokuwa kufuta namba mbili. Katika timu ya watu watano, ni sawa vile mumoja alichimba juma nzima bure.

Karatasi ya mushahara

Kwa wenzetu wa kampani, vipande vinaingia kila mwezi. CNSS inakamata kwa mufanyakazi 5 kwa mia ya mushahara, ni 1/20. Kampani kwa upande wake inaongeza 13 kwa mia. Mutu wa mushahara wa dola 400: kwake inatoka dola 20, kwa kampani dola 52. Pamoja 72, ni 18 kwa mia. Ile 13 haitoke katika mushahara wako. Kama unaona kwa karatasi yako wametosha kupita 1/20 na jina ni CNSS, upeleke kwa delege.

Saa za kupita nazo ziko na vipande vyao. Sheria ya kazi inaweka saa 45 kwa juma. Zinazopita, saa sita za kwanza zinaongezwa 30 kwa mia, maana yake 3/10. Zile zinazofuata zinaongezwa 60 kwa mia, maana yake 3/5. Saa za siku ya kupumzika ya juma zinaongezwa 100 kwa mia, maana yake 1 nzima: zinalipwa mara mbili. Mapatano ya kampani yanaweza kupita hapo, hayawezi kushuka chini.

Mufano: saa yako ni dola 2, na umepita saa 8. Saa 6 mara dola 2,60 ni 15,60. Saa 2 mara dola 3,20 ni 6,40. Jumla dola 22. Mukubwa wa kazi akikulipa 16, ni kama alihesabu saa bila vipande. Dola 6 zimebakia kwake, na juma linalofuata tena, na linalofuata tena.

Kodi ya madini: vipande vinavyofika 1

Katika mikutano ya mitaa tunasikia watu wanapiga kelele: "15 kwa mia ya madini ni yetu!" Kelele ni nzuri, lakini ikuwe na hesabu ndani.

Sheria ya mine ya 2018 inagawanya redevansi hivi: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa mia kwa provensi, 15 kwa mia kwa ETD kwenye mine iko, na 10 kwa mia kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Tuvipime sawa vile tulipima vya ule PDG. Namba moja ya chini ni 20: 10/20, 5/20, 3/20, 2/20. Jumla 20/20. Inafika 1. Walioandika walihesabu.

Lakini 15 kwa mia ya nini? Haiko ya madini, ni ya redevansi. Na redevansi ya shaba ni 3,5 kwa mia ya samani. Kwa shaba ya dola 1 000, redevansi ni dola 35. Kipande cha ETD ni 15/100 ya 35, ni dola 5,25. Kwa kobalti, tangu iwekwe katika madini ya strateji mwaka 2018, redevansi ni 10 kwa mia: kwa dola 1 000 ni dola 100, na ETD inapata 15. Ni tofauti kubwa. Mutu anayejua hizi anaweza kusimama katika mukutano na kuuliza burgumestre ao shefu swali moja tu: "Kipande chetu cha mwaka huu kilifika ngapi, na kilifanya nini?" Ile swali ni nguvu kupita kelele.

Vilevile kuko 0,3 kwa mia ya mauzo ambayo kampani inapashwa kuweka kwa maendeleo ya watu wa kando ya mine. 0,3 kwa mia haiko 3 kwa mia. Ni 3 juu ya 1 000: kwa kila dola 1 000, dola 3. Ukidai 30 watakucheka na watafunga mulango. Ukidai 3 na kartasi mukononi, wanapashwa kukujibu.

Maswali tatu mbele ya kupeana mukono

Kabla ya kusaini, kabla ya kushuka ku shimo, kabla ya kukubali bei, mutu aulize hivi.

Kipande cha nini? Cha yote, ao cha kilichobakia?

Namba ya chini ni moja kwa wote? Kama hapana, tuitafute mbele.

Vipande vyote pamoja vinafika 1? Vikipita, kuko mutu atalia. Vikikosa, kuko mutu ameficha kitu.

Ule kijana angali anatunza feza za timu. Alikataa mwanzoni, wenzake wakamuomba. Ameweka sharti: mbele ya kila shimo, mapatano yaandikwe katika kaye, vipande vikatwe na namba moja ya chini, na kila mumoja atie kidole. Tuliiona ile kaye. Ku ukurasa wa kwanza kuko: 6/13, 3/13, 4/13. Ni mwandiko wa mutoto wa shule, lakini hakuna tena mutu amepigwa.

Kwa kumaliza, hesabu moja ya nyumbani, mufanye pamoja na watoto. Baba analipwa dola 360. Nusu inaenda kwa chakula. Robo kwa nyumba. 1/6 kwa shule. 1/12 kwa deni la duka. Inabakia kipande gani kwa ugonjwa?

Kama mumepata sifuri, mumehesabu vizuri. 6/12, 3/12, 2/12, 1/12: ni 12/12. Hakuna mutu aliiba, mama hakutumia vibaya, baba hakunywa. Feza imeisha tu. Musigombane ndani ya nyumba. Mulete ile kartasi kwa delege wenu, juu na ile njo tunaenda kuomba mushahara uongezwe.